Lita Zile Zile, Uzito Mwingine: Adabu ya Kupakia Lori la Mafuta

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo humfaa mtu aketiye ofisini akaandika katika hati ya mzigo: lita 40,000. Kwake yeye hizo ni tarakimu tu. Lakini kwa dereva atakayeuteremsha mzigo huo kutoka Eldoret hadi Malaba, kisha aupitishe Iganga, Jinja na Kampala mpaka Mbarara au Kabale, tarakimu hizo ni tani nyingi za kitu kinachowaka, kinachocheza, kinachovimba kwa joto na kunywea kwa baridi. Ni haki basi kila mwananchi, awe askari, polisi au mama wa nyumbani, afahamu namna mzigo huo unavyopakiwa na kupimwa, kwa maana hatari yake haimkabili dereva peke yake.

Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya mafuta yake huteremshwa melini Mombasa, yakasukumwa katika bomba lililofika Nairobi mwaka 1978 na kuendelezwa hadi Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Kutoka katika bohari za miji hiyo malori ndiyo huyapokea, yakaingia kwa Malaba na Busia, na mengine yakaendelea hadi Rwanda, mashariki mwa Kongo na Sudan Kusini. Gari la kikosi, mashine ya kusaga, jenereta ya hospitali na taa ya koroboi kijijini, vyote hungojea malori hayo.

LITA SI KILO

Kosa la kwanza, na ndilo huzaa mengine, ni kudhani kwamba lita ni lita. Maji ya lita moja huwa na uzito wa kilo moja. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lakini hayalingani yenyewe kwa yenyewe. Lita moja ya petroli huwa na gramu 740 hivi, ya mafuta ya taa gramu 800 hivi, na ya dizeli gramu 840 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo katika chupa, lakini katika tangi la lori ni kubwa mno.

Tuchukue mfano wa lori lenye kichwa cha ekseli tatu na trela ya ekseli tatu, ambalo likiwa tupu lina uzito wa tani 17. Tangi lake lina vyumba vitano, kila kimoja cha lita 8,000. Likijazwa petroli lita 40,000, mzigo huwa tani 29.6, na jumla yake tani 46.6. Likijazwa mafuta ya taa, jumla huwa tani 49. Likijazwa dizeli, mzigo huwa tani 33.6, na jumla hupanda hadi tani 50.6. Lori ni lile lile, tangi ni lile lile, na lita ni zile zile. Hata hivyo lori la petroli litapita mizani salama, na lile la dizeli litashikwa.

Litashikwa kwa nini? Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka mipaka. Ekseli ya usukani yenye tairi mbili isibebe zaidi ya tani 8. Ekseli moja yenye tairi nne isizidi tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana, zenye tairi nne kila moja, zisizidi tani 18, na tatu zilizofuatana zisizidi tani 24. Kwa lori la mfano wetu, 8 na 18 na 24 ni tani 50 kamili. Lori la ekseli saba laweza kufika tani 56, na hapo ndipo mwisho. Hakuna ruhusa ya kuongeza ekseli ya nane ili kuongeza uzito.

Dereva mwenye busara hahesabu mafuta ya tajiri peke yake. Matangi ya lori lenyewe yakiwa na dizeli lita 400, hizo ni kilo 336. Yeye na utingo wake, vitanda vyao, jeki na vyakula vyao vya njiani, kilo 200 nyingine. Akiyatoa yote hayo katika tani 50, atakuta nafasi ya dizeli iliyobaki ni lita 38,600 hivi. Huo ndio mzigo wake halali, hata kama tangi lingeweza kumeza zaidi.

JUMLA NZURI, EKSELI MBAYA

Wapo madereva ambao husimama mizanini wakiwa na jumla ya tani 49, wakashangaa kuambiwa wamezidi. Sababu ni kwamba mizani haitazami jumla tu, bali hutazama kila kundi la ekseli peke yake. Ikiwa chumba cha mbele kimejazwa na cha nyuma kimeachwa kitupu, uzito huegemea kichwa cha lori, na ekseli zinazovuta hupita tani 18 ingawa zile za trela zina nafasi. Ikiwa cha mbele ni kitupu na cha nyuma kimejaa, tairi zinazovuta huwa nyepesi mno; njia ikiwa na tope au mvua huteleza, na kichwa hakitii vizuri.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa lori linaloteremsha mzigo vituoni, nusu Jinja na nusu Mukono. Kila chumba kinachofunguliwa hubadili mizani ya lori zima. Kwa hiyo mpango wa kuteremsha hufanywa kabla ya kupakia: nani atapata mafuta kwanza, yatatoka chumba kipi, na lori litabaki limekaa namna gani barabarani.

Lori la mahindi likizidi uzito, magunia kadhaa huteremshwa au kusogezwa, na safari ikaendelea. Lori la mafuta halina magunia. Kilo 600 zilizozidi haziwezi kuwekwa kando ya barabara. Ni lazima liitwe lori jingine, mipira iunganishwe, mafuta yasukumwe mahali pasipokuwa na vifaa vya bohari, na kila dakika ya kazi hiyo ni hatari. Ndiyo maana mizani ya lori la mafuta huanzia bohari. Ile ya Busitema, ya Magamaga au ya Lukaya inapaswa kuthibitisha tu yale ambayo dereva amekwisha kuyajua.

BARABARA NAYO HUUMIA

Wengine husema tani mbili si kitu. Barabara haikubali maneno hayo. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, ambapo malori ya kila uzito yalizungushwa juu ya lami kwa miaka miwili, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli hayaongezeki sawa na uzito wake. Huongezeka kwa kadiri ya uzito huo uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 haiharibu barabara kwa thuluthi wala kwa robo zaidi. Huiharibu mara mbili. Tajiri mmoja hupata faida ya lita mia chache, na umma mzima ukalipa lami.

Breki nazo hulipa. Lori lililozidi uzito huhitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame, na katika mteremko mrefu breki zake hupata joto hadi zikakosa nguvu. Dereva anayeteremka kutoka nyanda za juu akiwa na tani zisizo halali hukanyaga breki ambayo huenda isimjibu.

MAFUTA HUCHEZA, MAFUTA HUVIMBA

Mafuta hayakai kimya. Tangi lililojaa nusu ndilo baya zaidi. Dereva akikanyaga breki, mafuta hukimbia mbele yakapiga ukuta wa tangi na kulisukuma lori. Akikata kona, hukimbilia upande mmoja yakainua tairi za upande wa pili. Lori la mafuta liko juu kwa umbo lake, nalo hupinduka upesi kuliko wadhanivyo watu wa magari madogo. Kwa sababu hiyo matangi hugawanywa vyumba, na ndani ya vyumba vikubwa hutiwa viambaza vyenye matundu ili kuvunja mawimbi. Kanuni za Ulaya zinaagiza kwamba tangi ambalo halikugawanywa katika sehemu zisizozidi lita 7,500 lijazwe asilimia 80 au zaidi, au lisizidi asilimia 20. Katikati ya hapo haliruhusiwi kwenda. Katika mfano wetu, dereva anayepunguza lita 1,400 katika chumba kimoja cha lita 8,000 huacha humo lita 6,600. Hizo bado ni zaidi ya asilimia 80. Lakini akipunguza lita 3,000 katika chumba hicho hicho, amejitengenezea wimbi.

Kujaza hadi ukingoni nako ni kosa. Petroli inayopata joto la nyuzi 10 zaidi huongezeka kiasi cha lita moja katika kila lita mia. Dizeli huongezeka pungufu kidogo ya hapo. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na alfajiri yake ni ya baridi. Malaba iko chini sana, na jua la adhuhuri huko halina huruma. Tangi lililofungwa likiwa limejaa pomoni asubuhi Eldoret litatafuta njia ya kutokea mchana Tororo. Lazima kila chumba kiachiwe nafasi ya kupumua.

Kinyume chake huwatia madereva katika matatizo ya namna nyingine. Mafuta yaliyopakiwa Kisumu wakati wa joto, yakateremshwa Kabale katika baridi ya alfajiri siku mbili baadaye, hunywea. Katika lita 40,000 za petroli zilizopoa kwa nyuzi 10, upungufu hukaribia lita 400 bila tone moja kuibwa. Dereva asiyejua hili hukatwa mshahara, au huitwa mwizi mbele ya watu. Dereva ajuaye huhakikisha kwamba joto la mafuta limeandikwa katika hati wakati wa kupakia, kwamba linapimwa tena wakati wa kuteremsha, na kwamba hesabu ya pande zote mbili inarudishwa katika joto moja lililokubaliwa. Hati yenye lita tu, isiyo na joto, haimlindi. Mwenye lori naye na aelewe hivyo, asije akamdhulumu mtumishi mwaminifu kwa kosa la hali ya hewa.

MCHE WA MOTO USIOONEKANA

Mafuta yanapopita katika bomba kwa kasi huzalisha umeme wa kusuguana, ule ule unaotoa cheche nguo ya nailoni inapovuliwa usiku. Cheche moja katika mvuke wa petroli yatosha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kupakia, kabla ya kufungua kifuniko chochote, ni kufunga waya unaounganisha lori na ardhi ya bohari. Na kazi ya mwisho, baada ya vifuniko vyote kufungwa, ni kuufungua waya huo. Injini huzimwa. Simu, sigara na redio huachwa nje ya lango.

Yanapopakiwa kwa juu, mdomo wa bomba hushushwa hadi sakafu ya tangi, na mafuta huanza kwenda polepole, yasizidi mwendo wa mita moja kwa sekunde, mpaka mdomo uzame. Kumwaga kutoka juu kama maji ya bomba ndani ya ndoo ni kukaribisha cheche. Baada ya kujaza, mpimaji hungoja kidogo ndipo aingize fito ya kupimia, ili umeme uliomo ushuke.

Hatari isiyodhaniwa ni chumba kilichokuwa na petroli jana na leo kinatiwa dizeli. Watu husema dizeli haishiki moto upesi, na ni kweli. Lakini mvuke wa petroli ungali umo, nayo dizeli inapoingia hupunguza mvuke huo na kuuchanganya na hewa mpaka ukafikia kiasi hasa cha kulipuka. Ajali nyingi za bohari katika nchi mbalimbali zimetokana na mabadiliko hayo. Dereva na aseme wazi chumba kilibeba nini safari iliyopita, na mpakiaji na aulize.

WAJIBU WA ASKARI NA POLISI

Magari ya kijeshi hayabebi matangi tu, bali hubeba mapipa pia. Pipa la lita 200 lililojaa petroli lina kilo 168 hivi pamoja na chuma chake, na la dizeli kilo 188 hivi. Lori la tani 5 lichukue mapipa ya petroli yasiyozidi 29, au ya dizeli yasiyozidi 26, hata kama sakafu ina nafasi zaidi. Mapipa yasimamishwe, vizibo vikiwa juu, yabanwe kuanzia mbele, yafungwe kwa kamba imara, wala mtu asiketi juu yake. Pipa tupu lisidharauliwe. Limejaa mvuke, na kwa hiyo ni hatari kuliko lililojaa mafuta; lisichomelewe wala kukatwa kabla ya kusafishwa ipasavyo.

Polisi wa barabarani anaweza kuutambua mzigo kwa mbali. Kibao cha rangi ya machungwa nyuma ya lori kikiwa na namba 1203, humo mna petroli. 1202 ni dizeli. 1223 ni mafuta ya taa. Ikitokea ajali, namba hiyo ndiyo ya kwanza kutolewa kwa zimamoto.

Mafuta yakimwagika, watu waondolewe, na hasa wale walio upande upepo unakoelekea, hadi mita 300. Tangi likishika moto, kila mtu awe umbali wa mita 800 pande zote. Askari asimame upande upepo unakotoka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hutambaa chini, hujaa katika mitaro na mabonde, na hufika jikoni mwa mtu ambaye hata hakuliona lori. Magari yasimamishwe mbali, na injini zizimwe.

KAMWE USIKIMBILIE NA JERIKENI

Historia ya miaka ya karibuni imeandikwa kwa machozi. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka katika kijiji cha Sange, Kivu ya Kusini, Kongo. Wakazi walisogea kuchota mafuta, moto ukawaka, na watu zaidi ya 200 wakafariki. Tarehe 29 Juni 2013, huko Namungoona, Kampala, lori liligongana na gari dogo. Watu zaidi ya 30 waliangamia, wengi wao waendesha bodaboda waliokuja kukinga mafuta. Tarehe 10 Agosti 2019, mjini Morogoro, Tanzania, zaidi ya watu 100 walikufa vivyo hivyo. Tarehe 22 Oktoba 2024, Kigoogwa, kaskazini mwa Kampala, yalitokea tena.

Mahali ni tofauti, nchi ni tofauti, lakini kifo ni kimoja. Lori hupinduka, watu hawafi kwa kupinduka kwake. Hufa dakika kadhaa baadaye, wakiwa na majerikeni mikononi. Jerikeni ya petroli ya lita 20 haina hata kilo 15. Mzazi na apime mwenyewe kilo hizo na mtoto aliyemlea.

Nyumbani nako adabu ni ile ile iliyo bohari, ila kwa kiasi kidogo. Jerikeni inapojazwa kituoni iwekwe chini ardhini, isijazwe ikiwa juu ya pikipiki wala ndani ya gari. Isijazwe hadi shingoni, kwa kuwa mafuta huvimba chumbani kama yanavyovimba katika tangi. Petroli isivutwe kwa mdomo. Chombo cha petroli na cha mafuta ya taa visifanane, kwani petroli kidogo ikiingia katika koroboi yaweza kulipuka usoni mwa anayeiwasha. Chombo kiwekwe mbali na meko na mbali na mikono ya watoto, na kamwe kisiwe chupa ya soda.

KILA MTU NA SEHEMU YAKE

Mara nyingi lawama yote humwangukia dereva. Ni kweli kwamba yeye ndiye ashikaye usukani, na sahihi yake ndiyo iliyo katika hati. Lakini dereva anayelipwa kwa safari, ambaye tajiri wake humtaka apakie tangi lijae kila mara bila kujali kama ni petroli au dizeli, amewekwa kati ya mkate wa watoto wake na sheria. Mwenye lori anayetaka mali yake na mtumishi wake wafike salama na aandike mwenyewe lita halali za kila aina ya mafuta kwa kila lori alilo nalo, aibandike karatasi hiyo mlangoni mwa kichwa cha lori, na asimwadhibu dereva aliyekataa kupita hapo.

Mpakiaji bohari naye asifungue bomba kabla ya kuuliza uzito wa lori likiwa tupu. Mtu wa mizani asikubali kitu kidogo cha mkononi, maana tani atakazoziachilia zitakutana na basi la abiria huko mbele, na huenda ndani yake yumo ndugu yake. Polisi na awazuie watu mapema, kabla ya mafuta kumwagika mengi na umati kukusanyika. Na wazazi wawafundishe watoto leo, kabla lori halijapinduka karibu na kijiji chao, kwamba mafuta yanayomwagika barabarani hayana mwenyewe ila moto.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Ajali ya lori la mafuta inayo kinga: ni hesabu ya kilo kabla ya kupakia, nafasi iliyoachwa juu ya tangi, waya uliofungwa ardhini, ekseli isiyozidi tani zake, na mwananchi aendaye mbio upande wa pili.